Shajara ya mboji, Lubumbashi: maembe ya Desemba na nyasi za Julai

Oktoba

Shamba tulilopewa liko upande wa Kisanga, kando ya kijito ambako akina mama wamelima mboga tangu enzi za wazazi wao. Udongo ni mwekundu, jua la Oktoba limeukausha hadi jembe linadunda, na wenyewe wanauita udongo uliochoka. Tulichota kidogo kwenye matuta mbalimbali, tukakoroga na maji ya chupa, tukachovya karatasi ya kupimia. pH, yaani kipimo cha uchachu (7 ni katikati, chini yake ni chachu), ilisoma 5, pengine chini yake kidogo. Karatasi si maabara, lakini inatosha kueleza kwa nini mbolea ya dukani inamwagwa hapa na majani yanabaki ya njano.

Udongo wa namna hii, ambao wanaagronomia wanauita ferralsoli, umeoshwa na mvua kwa maelfu na maelfu ya miaka. Kalisi na magnesiamu zimekwenda na maji, chuma na alumini vimebaki. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka katika maji ya udongo na kuchoma ncha za mizizi. Fosforasi nayo inashikwa na chuma na hiyo hiyo alumini, mmea usiipate. Kwa hiyo mama ananunua mfuko wa mbolea ya 10-20-10 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) uliovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, analipia fosforasi, na udongo unaila yeye akiangalia. Naitrojeni haikai pia. Mvua ya hapa ni kama milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Machi, na mfinyanzi wetu hauna nguvu ya kushika virutubisho visizame chini ya mizizi. Chenye nguvu hiyo ni mabaki yaliyooza, na ndiyo yaliyokwisha shambani.

Mradi basi ni huu: kuchukua mabaki ya soko la Kenya na ya malewa, vibanda vya chakula vilivyo njiani, kuyaozesha yawe mboji, na kuyaingiza kwenye matuta ya mama hawa. (Kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi. Hatuvuki nchi na mkokoteni.) Tuko wachache: akina mama wenye matuta, kijana wa mkokoteni, seremala jirani anayetuachia unga wa mbao, na mimi ninayeandika na kushika kipimajoto.

Novemba

Mvua imeshika, na tumeanza kujua soko linatupa nini hasa.

Ukisoma maandishi ya watu wa mbali kuhusu mabaki ya chakula, unaona sahani iliyoachwa nusu. Huku bukari (ugali) haiachwi. Ikibaki inaliwa asubuhi na chai, isipoliwa ni ya mbwa. Maganda ya viazi vitamu na ya ndizi yana wenyewe, mbuzi. Pumba ya kinu inanunuliwa na wafuga kuku, na machicha ya pombe wanayagombania wafuga nguruwe. Sisi tunapata kile ambacho mifugo yote hiyo imekikataa au kimeoza kabla haijakifikia: majani ya nje ya kabichi, vijiti vya sombe (majani ya muhogo) na vya ngai-ngai (mboga chachu), nyanya zilizopasuka, vitunguu vilivyoota, magamba ya samaki, maganda ya mayai, nyuzi za mizizi ya kuchachushia munkoyo, kinywaji cha mahindi, iliyokwisha kazi. Ninaandika haya kwa sababu wengi wanaanza mradi kama huu wakidhani malighafi ni bure na haina mwenyewe. Malighafi nzuri ina mwenyewe, na mara nyingi ana pembe mbili.

Kuchambua ndiko kunakokula muda. Soko linafagia kila kitu pamoja: kabichi, mifuko ya plastiki, vijiwe (betri) vya redio, vipande vya chupa, nywele za bandia. Tumeacha kuchukua rundo la mwisho wa siku. Kijana anapita mapema kwa wauza mboga wenyewe, wakati wanapunguza majani mabaya mezani, na gunia linajaa kabla uchafu mwingine haujaingia. Malewa tumeyapa ndoo ya peke yake. Mama mmoja wa malewa aliipokea ile ndoo, akaigeuza chini juu, akauliza: "Baba, hii uchafu yangu unaipelekaka wapi? Na miye nitapata nini?" Swali la haki. Mboji haimfai, hana hata futi moja ya bustani. Tulichokubaliana ni kwamba kijana anamwondolea na takataka nyingine, ile aliyokuwa akilipa watu wamtupie. Tangu hapo ndoo yake ndiyo safi kuliko zote.

Hatupokei nyama, mifupa yenye nyama wala mafuta ya kukaangia. Mbwa na panya wa mtaa huu hawahitaji kualikwa. Mchuzi wa samaki wa chumvi tunaumwaga kando, maana chumvi haiozi. Inabaki kwenye mboji na kwenda kuunguza miche.

Rundo la kwanza limesimama. Chini mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa ili hewa ipite, juu yake mabichi, juu ya mabichi makavu, kisha samadi kidogo ya kuku na koleo la udongo, na kuanza upya. Mpangilio huu wa tabaka si wetu. Mwingereza Albert Howard aliufanyia kazi huko Indore, India, katika miaka ya 1920, na mengi aliyachukua kwa wakulima aliowakuta. Hesabu inayouendesha ni moja: kwa sehemu 1 ya naitrojeni, tafuta sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Mabaki ya mboga yana kama 15 hadi 20, samadi ya kuku iko chini ya hapo, mabua ya mahindi ni kama 60, unga wa mbao ni mamia. Mabichi yakizidi, naitrojeni inaruka hewani ikiwa amonia na pua inajua mara moja. Makavu yakizidi, rundo linalala. Na lisipungue mita moja kila upande, kwenda juu na kwenda kando, la sivyo joto linatoroka kabla halijajengeka.

Desemba

Maembe yamefika.

Asiyeona soko la Lubumbashi mwezi huu hawezi kuelewa. Malori yanashusha usiku, jua linatoka, na kufika saa nne chini ya meza kuna utelezi. Kijana anarudi na magunia yanayotiririka hadi magurudumu yameng'aa kwa sukari na nyuki wanamfuata. Kwa kilo, hatujawahi kupata mabaki mengi namna hii. Kwa mboji, ni balaa, kwa sababu embe lililooza ni maji na sukari, na hatuna kikavu cha kulichanganya nacho.

Nyasi zipo wapi? Ziliungua. Kila mwaka kuanzia katikati ya kiangazi pori lote linalozunguka mji linachomwa: wengine wanasafisha mashamba, wengine wanatafuta panya, wengine ni mazoea. Mabua ya mahindi yaliyobaki mashambani nayo yalikwenda na moto huo. Ile kaboni tunayoililia leo ilikuwa moshi juu ya mji mwezi wa nane. Sasa naona kwamba shughuli yetu yote iko hapa, si kwenye ufundi wa kugeuza rundo. Mabaki ya maji yanakuja na mvua, makavu yanakuja na kiangazi, na havikutani isipokuwa mtu aweke kimoja ghalani akingoje kingine. Vitabu vingi vya mboji vimeandikwa kwa nchi ambako majani ya miti yanaanguka msimu uleule wa mavuno. Hapa kalenda imewatenganisha bwana na bibi.

Tunajikokota na tulichonacho. Unga wa mbao wa seremala unanyonya maji vizuri, ila unaoza polepole, kwa hiyo hauzidi koleo chache kila tabaka. Na ule wa mbao zilizopakwa dawa au rangi tunaukataa. Katoni za sokoni tunazirarua na kuzitoa gundi ya plastiki. Magunzi ya mahindi tunayaponda kwa nyundo. Tukagundua kingine karibu na mlango: wauza makala (mkaa) wana vumbi linalobaki chini ya kila gunia, hawajui pa kulipeleka. Vumbi la makala halihesabiki kama kaboni ya kuozesha, kwa kuwa vijiumbe, viumbe vidogo vinavyoozesha, karibu haviligusi, lakini linanyonya harufu na amonia, na likifika shambani linadumu miaka mingi likishika virutubisho. Tangu tuanze kulinyunyiza kila tabaka, jirani wa upande wa chini hajarudi. Alikuja awali, na alikuwa na haki, maana maji meusi ya rundo yalikuwa yamefika ukutani kwake. Tulichimba mfereji, tukaweka mabati makuukuu juu ya marundo, na yale maji tunayakusanya na kuyarudisha juu ya tabaka kavu.

Katikati ya maembe wamejaa funza wanene, bapa, wa rangi ya kijivu. Watu walishtuka. Ni watoto wa nzi askari mweusi, mdudu mwenye asili ya Amerika aliyekwisha kuenea karibu kila nchi ya joto. Akiwa mkubwa hafuati chakula cha watu wala haingii jikoni; akiwa funza anakula embe lililooza kwa kasi isiyo ya kawaida. Mama mmoja amekwisha kuleta kuku wake wajihudumie, na rundo linapata samadi bila mtu kuibeba. Wapo wanaofuga funza hawa kwa makusudi kwa ajili ya chakula cha kuku. Sisi bado, tuna kazi ya kutosha.

Januari

Leo tumefungua rundo la Novemba kabla jua halijapanda, na ninataka kuliandika kama lilivyokuwa.

Juu kuna gamba la kahawia, baridi, na chipukizi za magugu. Ukisukuma mkono, joto linaanza kwenye kina cha kiganja. Kufika kiwiko huwezi kuuacha humo. Mvuke ulipanda ukawa na harufu ya udongo uliolowa, na kwa mbali harufu ya munkoyo uliochachuka. Kwa ndani kuna kitu cheupe kimepakaa mabua mithili ya jivu. Ni vijiumbe vinavyopenda joto, ndivyo vinavyofungua sehemu ngumu ambazo vingine vimeshindwa. Kabichi haionekani tena popote. Nyanya imebaki ngozi, nyembamba, inavutika kati ya vidole. Ganda la yai liko zima. Kibandiko cha tofaa la Afrika Kusini bado kinasomeka, namba na zote. Kokwa za maembe ya mwanzo zimegoma kabisa, na moja pembeni palipopoa imechipua.

Kipimajoto chetu ni kile cha wapishi wa nyama, chenye mshale mrefu. Kilisoma nyuzi 62. Tunataka kati ya 55 na 65: chini ya hapo mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa vinapona, na kikikaribia 70 hata vijiumbe vyetu wenyewe vinaanza kufa, ndipo tunapofungua hewa iingie. Kugeuza ni kuingiza ya nje ndani na kutoa ya ndani nje, ili kila kipande kipite motoni kwa zamu yake. Tunageuza joto likianza kushuka. Watu wanaogeuza kwa kalenda wanachosha mgongo bure.

Unyevu tunaupima kwa ngumi. Kamata konzi, minya: matone mawili matatu kati ya vidole yanatosha. Yakichirizika, ongeza kikavu. Ukifungua mkono na donge likavunjika lenyewe bila kulowesha kiganja, leta maji. Mama mkubwa wa kundi, ambaye macho yake hayasomi tena namba za kipimajoto, anatambua rundo linalotaka maji kwa sauti ya reki. Nimejaribu kumsikiliza anachosikia. Bado.

Mboji iliyopoa hatuipeleki moja kwa moja shambani. Ikiwa changa, vijiumbe vinavyoendelea na kazi vinamnyang'anya mmea naitrojeni, na asidi za uozo zinazuia mbegu. Jaribio ni rahisi: kikombe kimoja cha mboji na udongo, kingine cha udongo peke yake, mbegu za lenga-lenga (mchicha) kwenye vyote viwili. Zikiota sawa, iko tayari. Kwenye rundo la maembe hazijaota. Linarudi chini ya mabati likakae.

Februari

Tumelisha matuta. Mboji ya Novemba, baada ya kuchekechwa na kutolewa kokwa, ilikuwa nusu ya ujazo tulioupanga, jambo ambalo ni la kawaida kabisa ila halikumfurahisha kijana aliyeusukuma wote kutoka soko la Kenya.

Kipimo ni kilo 3 kwa mita ya mraba, sawa na tani 30 kwa hekta. Tuta moja halikupewa kitu. Moja limepata 10-20-10 na urea kama wanavyofanya siku zote. Moja mboji tupu. Moja mboji na jivu la makala, gramu 100 hivi kwa mita. Na moja, kwa kusisitiza kwao akina mama, mboji na udongo wa kichuguu.

Hili la kichuguu nililipokea kwa heshima zaidi kuliko imani, mpaka nilipotia karatasi: pH ilipanda hadi karibu na 7. Vichuguu vya mchwa anayeitwa Macrotermes falciger, vile vikubwa vinavyozunguka mji wetu na vingine kupita mita 5 kwenda juu, vimejengwa kwa mfinyanzi uliopandishwa kutoka chini, na ndani yake kalisi imerundikana kwa vizazi. Katika vingine inafikia kuwa vidonge vya chokaa. Wanasayansi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamevichunguza kwa kirefu. Shida ni kwamba wapiga tofali wanavijua pia, na tofali lina soko la haraka kuliko lenga-lenga.

Jivu nalo ni chokaa ya maskini: kalisi na potasiamu. Chokaa yenyewe ipo mkoani, mawe ya Kakontwe karibu na Likasi ni ya chokaa, lakini kuifikisha kwenye tuta la mama ni gharama nyingine. Angalizo moja tu: jivu lisichanganywe na samadi mbichi ya kuku wala lisiingie rundoni mapema. Linafukuza amonia, na naitrojeni uliyoitafuta msimu mzima inakwenda na upepo. Lipigwe kwenye tuta, mboji ikiwa imekwisha kuiva.

Mwishoni mwa mwezi. Tuta la dukani liliongoza tangu mwanzo, kijani cha kuvutia, na mama mwenye nalo alikuwa anatupita akicheka. Tuta lisilopewa kitu liko vilevile, vijani vidogo vyenye kingo nyekundu. Mboji tupu iko katikati, haimtishi mtu. Baada ya mvua za mfululizo picha ilibadilika: la dukani lilianza kufifia, na mavuno ya pili yalikuwa mazito zaidi kwenye mboji na jivu, kisha kwenye kichuguu. Tukichimbua mizizi tunaona sababu. Kwenye tuta tupu mizizi ni mifupi, minene, imejikunja kwenye kina cha kidole. Kwenye mboji na jivu inashuka kiganja kizima na ina manyoya.

Sitaki mtu asome hapa kwamba mboji imeishinda mbolea ya dukani. Hesabu yenyewe inakataa. Kilo 3 za mboji zenye unyevu wa nusu ni kilo 1.5 kavu, ikiwa na naitrojeni asilimia 1.5 ni gramu 22 hivi kwa mita. Katika mwaka wa kwanza udongo unaachilia sehemu ya kumi, labda mbili. Gramu 2 hadi 4 hazishibishi lenga-lenga inayokatwa na kukatwa tena. Mboji hapa kwanza ni dawa ya uchachu na mkono wa kushika virutubisho. Chakula ni baadaye, mwaka wa pili na wa tatu ikirudiwa. Tulichopanga ni mboji na jivu kwa wote, na mbolea ya dukani nusu ya kiasi cha zamani, iwekwe kidogo kidogo. Yule mama aliyekuwa akicheka ndiye wa kwanza kukubali, maana ndiye mwenye deni la duka.

Machi

Mwezi wa mambo ya shaba. Huwezi kuandika kuhusu udongo wa Lubumbashi ukaiacha.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini-mashariki ukapeleka moshi wake miaka mingi upande wa Penga Penga. Ukienda huko unakuta ardhi iliyo uchi, mifereji ya mmomonyoko, kisha vishada vya nyasi fupi. Baadhi ya nyasi hizo, Microchloa kunthii, zilipandwa na watafiti wa UNILU katika majaribio ya kuifunika ardhi upya, na walichoanza nacho ni chokaa na vitu oza. Kanuni ni ileile ya tuta letu: pH ikipanda na mboji ikiwepo, shaba inashikwa na kupungua katika maji ambayo mzizi unakunywa. Inashikwa, haiondoki. Mboji haisafishi shamba lenye metali nzito, na anayewaambia akina mama vinginevyo anawauzia ndoto.

Kwa upande wetu hii imeleta masharti. Vumbi la kufagia barabarani haliingii rundoni, hasa la njia ya malori ya madini. Udongo wa tabaka unatoka shambani kwetu wenyewe, kamwe si kifusi ambacho mtu hajui kilikotoka. Kijiwe cha redio kikionekana ndani ya gunia, gunia lote linamwagwa na kuchambuliwa upya. Na mboga ya majani inaoshwa kwa maji mengi kabla ya kwenda sokoni, kwani sehemu ya metali inayoliwa hapa mjini haipiti kwenye mzizi, inatua juu ya jani pamoja na vumbi.

Rundo la maembe limepita jaribio la kikombe. Ni jeusi, laini, zuri kuliko la Novemba. Vumbi la makala linaonekana ndani yake, punje punje.

Mei

Mvua imekwisha. Mabaki sokoni yamepungua, na malewa peke yake hayajazi mkokoteni.

Muda huu tunautumia kwa nyasi. Zimesimama kupita kichwa cha mtu, zimeanza kuwa njano, na tumepatana na vijana wa vijiji vya jirani wazikate kabla ya moto. Tulianza kulipa kwa mzigo, mizigo ikawa myembamba siku hadi siku. Sasa tunalipa kwa mkokoteni uliokanyagwa na mtu mzima akiwa juu. Mabua ya mahindi tunayapata kwa njia nyingine: anayetuachia mabua yake anapewa gunia la mboji wakati wa kupanda. Kwenye mabonde tunakata pia alizeti pori, ile Tithonia yenye maua ya njano inayojaa kando ya barabara. Jani lake kavu lina naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu zaidi ya hapo, kwa hiyo inaingia rundoni upande wa mabichi kipindi hiki ambacho kabichi ni chache. Inakatwa kabla haijatoa mbegu, la sivyo tutakuwa tumeipanda kwa jirani.

Ghala ni nguzo za mikalitusi na mabati, sakafu imeinuliwa kwa magogo kwa ajili ya mchwa. Kuzunguka ghala tumefyeka ukanda mpana hadi udongo mtupu. Rundo la nyasi kavu kiangazi cha Katanga ni kiberiti kinachongoja mtu.

Julai

Usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na asubuhi marundo yanafuka mvuke. Yanapoa upande wa nje, ya ndani bado yanafanya kazi, ila yanakunywa maji kuliko nilivyotarajia kwa sababu hewa ni kavu sana. Tumeyafunika kwa nyasi na magunia.

Kiangazi ndicho msimu mkubwa wa bustani za kandokando ya maji, na sasa mboji inaonyesha upande ambao Februari haukuonekana. Matuta yaliyopata mboji mara mbili yanamwagiliwa asubuhi tu. Mengine bado asubuhi na jioni. Kwa mama anayebeba madumu kutoka kijitoni, hilo linazungumza kuliko pH. Tangu waone hivyo, wenye matuta ya ng'ambo ya kijito wamekuja kuuliza gunia ni kiasi gani.

Bei ndiyo tuliyobishania mkutano mzima wa Jumapili. Gunia la samadi ya kuku lina bei inayojulikana, na mboji yetu ni nzito zaidi kubeba na inafanya kazi polepole zaidi. Tukiiuza sawa na samadi hatutauza. Tukiiuza nusu, nyasi na mkokoteni havilipiki. Wauza maua wa mjini wako tayari kulipa vizuri, tena taslimu. Kijana wa mkokoteni alitaka wapewe wao kwanza, mama mkubwa alimwambia, "Mwanangu, maua hayapikwi." Wakacheka wote, ila hoja ya kijana haikufa, kwa sababu ni yeye anayesubiri malipo.

Mwisho tumegawa hivi: mboji iliyochekechwa vizuri, sehemu ndogo, inakwenda kwa wauza maua kwa bei yao, na pesa hizo zinalipa mkokoteni na wakata nyasi. Ile yenye vipande inabaki kwa matuta, kila mwanachama kwa kiasi alichochambua. Wa ng'ambo ya kijito watapata wakileta mabua. Ghala limefika nusu. Hesabu yangu ya maembe ya mwaka jana inataka lijae hadi juu na liongezwe paa upande wa mashariki, na mabati yaliyopo hayatoshi. Seremala amesema ana manne ya zamani, yenye matundu ya misumari, na anataka gunia mbili za mboji kwa bustani ya mke wake. Tumekubali.